Kitanda Ufuoni Dunga

Picha ya mtu aliyelala huharibiwa kwanza na shingo. Ukimwambia mtu ajilaze mbele ya kamera, shingo hukaza, kope hutetemeka, na kichwa hubaki juu juu ya mto. Kwa hiyo asubuhi ile ya Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria kusini mwa mji wa Kisumu, nilipotaka picha ya mtu aliyelala kama ndotoni, nilitafuta godoro kuukuu kwa makusudi. Sponji mpya ngumu haikubali bega lididimie, na usingizi usio na uzito hauaminiki hata ukiuzungushia ukungu wote wa duniani.

Wa kulala alikuwa mama muuza omena, dagaa wa ziwani, mtu ambaye kazi yake humtoa kitandani kabla ya alfajiri kungoja boti. Tulichagua usiku wa giza. Omena huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri, kwa hiyo taa huwa nyingi majini wakati mwezi haupo. Taa hizo nilizitaka nyuma ya mama.

Kitanda cha futi 3½ kwa 6 kilikuja kwa mkokoteni kikiwa kimefunguliwa. Kabla ya kukifunga tuliwauliza wavuvi viboko hutokea wapi, kwa sababu usiku hupanda nchi kavu kula nyasi na hurudi majini kukikaribia kupambazuka. Walitusogeza mbali na njia yao, na hilo halina mjadala. Chini ya godoro tulitandika karatasi ya nailoni, maana umande wa ziwani hupenya, na mtu anayehisi baridi mgongoni hawezi kulegea.

Kisumu jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:50 asubuhi, mwaka mzima. Huku karibu na ikweta hupanda wima, hivyo mwanga laini wa kabla yake ni kama dakika 20 tu. Kamera niliielekeza ziwani, upande wa magharibi, ambako samawati hukawia kufifia. Upepo wa saa hizo hutoka nchi kavu kwenda majini, kwa hiyo neti ya mbu ingepeperuka kutoka kwangu kuelekea taa za boti. Neti ilikuwa nyeupe, ya mraba, imening'inizwa kwenye mianzi minne iliyofungwa miguuni pa kitanda. Upande wa kichwani na wa miguuni tuliuchomeka chini ya godoro, na upande wa ziwani tukauacha huru.

Hapo ndipo ndoto hutengenezwa. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/2, yaani tundu lake likiwa wazi sana, na ISO 400, kipimo cha kamera kuhisi mwanga, ilitaka shata ifunguke kwa 1/30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo neti huganda na kuonekana kitambaa tu. Nikafunga kichujio cheusi cha ND16, kinachokata stopu nne, yaani kupunguza mwanga nusu mara nne, nikashusha shata hadi nusu sekunde. Neti ikageuka moshi, taa za boti zikabaki duara kubwa laini, na mama, ambaye hasogei, akaonekana wazi. Ningeweza kupunguza tundu la lenzi hadi f/8 nipate nusu sekunde ileile bila kichujio, lakini taa zingekuwa nukta. Kwa upepo wa asubuhi ile, robo sekunde ilifanya neti ionekane imetikiswa kwa bahati mbaya. Sekunde mbili ikaifuta kabisa.

Usoni niliweka taa ndogo ya betri nyuma ya shuka jeupe, juu kidogo ya kichwa, pembeni, kama mwezi ungekaa. Taa ikitoka chini, aliyelala hugeuka maiti. Niliiwasha muda mfupi kabla ya kila picha na kuizima mara moja, kwa sababu visubi vya ziwani hufuata mwanga kwa makundi. Rangi niliifunga kwenye kelvini 4000, kipimo cha rangi ya mwanga: anga likabaki la samawati, shavu likawa na joto kidogo.

"Nilale vipi, mwanangu?" aliuliza. "Kama mgonjwa?"

"Unavyolala nyumbani, Mama."

Akageukia ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, leso imevutwa hadi begani. Nilimwomba afungue macho, avute pumzi, kisha aifunge midomo bila kuibana na aache kope zishuke pamoja na pumzi inayotoka. Shata inabonyezwa pumzi inapokwisha, kabla ya nyingine kuanza. Ndio wakati pekee kifua kinatulia kwa nusu sekunde, na taya huwa limelegea kweli.

Kwenye kompyuta nilifanya kidogo. Mkanada Michael Orton alianza katika miaka ya 1980 kupandanisha slaidi mbili za picha moja, kali na iliyofifishwa. Siku hizi ni tabaka la pili lenye ukungu. Tabaka hilo nililipa nguvu ya asilimia 15, kwenye neti na anga pekee. Uso niliufuta kabisa kutoka tabaka hilo, kwani ngozi ikishalainishwa uzito wote wa kichwa hupotea. Tuliyoichapisha, kwa karatasi isiyong'aa, ni ile ambayo mto umekunjamana chini ya sikio lake.