Siku moja maishani mwangu: kufuta nyayo katika bustani ya Kyoto

Saa 11:30 alfajiri kengele ya simu inalia, na kwa kuwa ni mwishoni mwa Novemba, nje bado ni giza na baridi inauma hadi kwenye vifundo vya vidole. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi ya kutunza bustani mjini Kyoto, chini ya fundi mkuu ambaye sote tunamwita Oyakata, neno linalobeba pamoja maana ya tajiri wa kazi na mlezi. Nilizaliwa Pangani, ambako mtu akisema anakwenda bustanini hueleweka kwamba anakwenda kumwagilia mchicha, na ilinichukua muda kuzoea bustani ambayo hailiwi, hainukii, na mara nyingi haina hata ua moja.

Navaa jika-tabi, viatu vya kitambaa vyenye soli nyembamba ya mpira, vinavyokitenga kidole gumba na vidole vingine ili mguu uhisi kila jiwe na kila mzizi unaokanyagwa. Kisha tunapakia vifaa kwenye gari dogo la mizigo, lile lile ambalo kwetu huitwa kirikuu: mafagio ya mianzi, makasi, makoili ya kamba nyeusi ya nyuzi za mnazi-pori, na ngazi yetu ya miguu mitatu. Mguu wa tatu wa ngazi hiyo ni mti mmoja mrefu unaopenyezwa katikati ya matawi bila kuyavunja, na kwa kuwa miguu mitatu hutulia popote, fundi anaweza kusimama juu yake hata penye mteremko.

Saa 1:00 asubuhi tunaingia katika hekalu dogo la Wabudha wa Zen kaskazini mwa jiji. Kazi ya kwanza ni kufagia, na katika msimu huu, miti ya momiji inapopukutisha majani yake mekundu, kufagia hakuna mwisho. Ardhi yote chini ya miti imefunikwa na koke, yaani ule uoto laini wa kijani unaoshika kwenye mawe na udongo wenye unyevu, na koke haivumilii mkono mzito: ukikwaruza kwa nguvu inang'oka kipande kizima kama ngozi. Kwa hiyo ufagio unapitishwa juu juu, kwa mkupuo mfupi wa kiganja, na majani yaliyonasa huokotwa moja moja kwa vidole.

Shangazi yangu, nilipompigia simu mwaka wa kwanza na kumweleza kazi yangu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kufagia?" Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Leo ningemwambia kwamba bustani mashuhuri kuliko zote za koke, ile ya hekalu la Saihō-ji ambayo mtawa Musō Soseki aliitengeneza upya mwaka 1339, haikukusudiwa kuwa bustani ya koke hata kidogo. Koke ilijitandaza yenyewe karne kadhaa baadaye, katika miaka ambayo hekalu lilikuwa limedhoofika na unyevu wa bonde ukaachiwa ufanye utakavyo. Sasa zipo aina zaidi ya 120, na tangu mwaka 1977 wageni huingia kwa kuandikisha nafasi mapema, kwa sababu kilichozaliwa na uzembe sasa hakiwezi kudumu bila watu wa kukifagia.

Husimuliwa pia kuhusu Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai aliyefariki mwaka 1591, kwamba aliifagia bustani hadi lisibaki jani, kisha akautikisa mti ili machache yaanguke tena. Oyakata hasimulii kisa hicho kamwe. Yeye hupita nyuma yetu tukimaliza, anaokota jani moja kutoka kwenye rundo na kuliweka karibu na mzizi. Mara nyingine analiondoa tena.

Saa 2:00 ni zamu yangu ya mchanga, na hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Mbele ya ukumbi mkuu kuna uwanja mtupu wenye mawe tisa, usio na tone la maji, ambao kila baada ya siku chache huchorwa upya kwa reki. Ingawa tunauita mchanga, ni changarawe ya itale nyeupe yenye chembe za milimita kadhaa, kwa kuwa mchanga wa kweli ungepeperushwa na upepo wa kwanza. Reki yenyewe ni ya mbao, nzito, yenye meno mapana ya pembetatu. Unaisukuma chini kwa uzito wa mwili na kurudi kinyumenyume, pumzi moja kwa hatua moja, kwa sababu ukisita katikati, mstari unavimba pale uliposita na kila atakayeketi barazani ataona. Kuzunguka jiwe ndiyo shida kubwa: mistari ya duara inapokutana na mistari iliyonyooka, lazima moja ikatike, na namna inavyokatika ndiyo inayomwambia Oyakata ni nani aliyechora. Kinyumenyume hicho ndicho kinachofuta nyayo zangu, hata nikifika ukingoni uwanja unaonekana kama haujawahi kukanyagwa na mtu.

Mtindo huu wa bustani kavu huitwa karesansui, na ulishamiri katika zama za Muromachi, hasa baada ya vita vya Ōnin vya mwaka 1467 hadi 1477, vilivyoteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Bustani za makabaila wa zamani zilihitaji bwawa, kisiwa, mkondo wa maji na nafasi ya kuendesha mashua. Uwanja wa changarawe ulihitaji mawe, reki na mtu. Ule unaojulikana zaidi ni wa Ryōan-ji, wenye mawe 15 katika eneo la mita 25 kwa 10 hivi, yaliyopangwa kiasi kwamba popote utakapoketi barazani, walau jiwe moja linafichwa na mengine. Wageni huuliza yana maana gani. Wapo wanaosema ni chui milia anayevusha watoto wake mtoni, wapo wanaosema ni visiwa, wapo wanaosema ni vilele vya milima juu ya mawingu. Mimi nadhani swali hilo huulizwa na aliyechoka kutazama.

Swali linalonivutia ni la nyuma ya jiwe. Upande wa nyuma wa moja ya mawe hayo 15, pasipoonekana kutoka barazani, yamechongwa majina mawili ya watu, ambao wanahistoria wengi huwahesabu kuwa miongoni mwa kawaramono, watu wa ukingo wa mto. Hao waliishi kwenye kingo za mito zisizotozwa kodi, wakichinja wanyama na kutengeneza ngozi, na kwa ajili hiyo walihesabiwa kuwa najisi. Lakini ndio walioubeba udongo na mawe ya bustani, na kwa kubeba walijifunza, hata mmoja wao, Zen'ami, akawa fundi kipenzi wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, ambaye alimpelekea dawa alipougua. Mtu asiyeruhusiwa kukaa mkeka mmoja na watu wa heshima ndiye aliyewapangia watu hao wa heshima kile wanachokaa kukitazama. Ninaporudi kinyumenyume na reki yangu huwafikiria wale wawili walioandika majina yao mahali ambapo ni fundi tu angepaona.

Saa 3:00 lango linafunguliwa kwa wageni, nasi tunahamia nyuma, kwenye misonobari. Saa 4:00 kamili ni chai. Mafundi wa bustani hupumzika saa hiyo na tena saa 9:00 alasiri, na hapana kazi ya dharura inayoweza kuzivunja.

Kazi ya misonobari majira haya huitwa momiage. Kila tawi huachiwa sindano changa za mwaka huu peke yake, na zile kuukuu huvutwa kwa vidole, kichala baada ya kichala, mpaka mwanga upenye kati ya matawi na umbo la mti lionekane. Makasi hutumika kwa uchache sana. Utomvu unaganda kwenye vidole kama gundi, na msonobari mmoja mkubwa unaweza kuwala watu wawili siku nzima. Saa 5:00 na dakika kadhaa, nikijinyoosha kufikia tawi ambalo ilinipasa kushuka na kuisogeza ngazi ndipo nilifikie, niliegemea kitawi chenye unene wa kalamu na kikakatika. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini kwenye bustani ile ulisikika kama sahani iliyoanguka.

Oyakata hakugomba. Aliuzunguka mti mara mbili, akaenda akasimama barazani, akarudi, kisha akachukua ufito wa mwanzi na kamba nyeusi akalivuta tawi la jirani taratibu hadi likaelekea kwenye pengo. "Miaka minne," alisema, akaendelea na kazi yake. Ningependelea anigombeze.

Upo mwongozo wa kale uitwao Sakuteiki, wa karne ya 11, ambao kwa kawaida hunasibishwa na Tachibana no Toshitsuna, mwana wa yule Fujiwara no Yorimichi aliyeigeuza nyumba yake ya mashambani kuwa hekalu la Byōdō-in. Unaanza na usimamishaji wa mawe, kwa kuwa zama zile kusimamisha mawe na kutengeneza bustani lilikuwa jambo moja, na unamtaka fundi afuate ombi la jiwe: ukishaliweka la kwanza, mengine yapangwe kwa jinsi lile la kwanza linavyotaka. Unaonya pia kwamba jiwe lililokuwa limelala milimani lisisimamishwe, lisije likaleta balaa. Senpai wangu, fundi aliyenitangulia kazini kwa miaka kumi na miwili, hucheka balaa hizo, ila hajawahi kulisimamisha jiwe lililolala. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba jiwe la namna hiyo daima huonekana limechoka. Kuhusu tawi nililolivunja, alinieleza kuwa Oyakata alikuwa ameuuliza mti unachoomba, nao uliomba kuzibiwa pengo.

Chakula cha mchana, saa 6:00, tunakula ndani ya gari kwa sababu ya upepo: wali baridi, samaki, kachumbari ya figili.

Saa 7:00 mchana tunakwenda kwenye njia ya banda la chai, maana jioni watakuja wageni wa chai. Njia hiyo, roji, ni zao la Rikyū na kizazi chake. Mawe ya kukanyagia hayakupangwa ili ufike haraka. Ni madogo na ya kupishana, hivyo unalazimika kutazama chini ulipoweka mguu. Kisha linakuja jiwe moja pana, mwili unatulia, unainua macho, na hapo ndipo fundi alipokuwekea taa ya jiwe au tawi la momiji. Inasemekana Rikyū alitaka mawe hayo yawe sehemu sita kwa ajili ya mguu na nne kwa ajili ya jicho, na mwanafunzi wake Furuta Oribe akaugeuza uwiano huo. Mwisho wa njia kuna birika la jiwe lililowekwa chini makusudi, ambalo mtu hawezi kulitumia bila kuchutama, awe mwenye upanga au mwenye jembe, na hapo husafisha mikono na kinywa kabla ya kuingia. Mtu aliyekulia karibu na msikiti wa pwani hahitaji kuelezwa birika hilo.

Njia panda isiyopaswa kufuatwa tunaiziba kwa jiwe moja lenye ukubwa wa ngumi mbili, lililofungwa msalaba kwa kamba nyeusi. Mtoto anaweza kulivuka. Katika miaka mitatu sijamwona mgeni wa chai aliyelivuka.

Saa 8:30 tunapunguza ua wa mimea upande wa mashariki, na kazi hii hufanywa kwa maelekezo ya mtu aliyeketi barazani. Mlima Hiei, ulio mbali kabisa na mali ya hekalu, ni sehemu ya bustani. Mbinu hii ya kuazima mandhari huitwa shakkei, na mfano wake mashuhuri ni Entsū-ji, ambako mlima huo huo huonekana kati ya vigogo vya miti. Ua ukizidi urefu unaumeza mlima, ukipungua unafichua mapaa ya nyumba na nyaya za umeme, kwa hiyo sentimita tano huamua kila kitu. Manispaa nayo inatusaidia: kanuni za mandhari za mwaka 2007 zilishusha kikomo cha urefu wa majengo katikati ya jiji kutoka mita 45 hadi 31, na zikalinda pia mandhari za namna hii. Sijui miji mingi ambako mwenye kiwanja huzuiwa kujenga ghorofa kwa sababu mtawa fulani anatazama mlima.

Chai ya saa 9:00 iliisha kwa ubishi. Senpai anamhusudu Shigemori Mirei, aliyetengeneza bustani za Tōfuku-ji mwaka 1939 kwa sharti la hekalu kwamba kisitupwe kitu, naye akazitumia tena bapa za sakafu kuukuu kutengeneza mirabaraba ya jiwe na koke kama ubao wa drafti, na misingi ya nguzo za choo cha zamani kuchora kundi la nyota saba. Oyakata hakubali: mkono wa Mirei unaonekana mno, anasema. Mimi nilikaa kimya, lakini niko upande wa senpai. Mtu mmoja katika miaka elfu anayo haki ya kuonekana.

Saa 10:45 jioni jua linazama. Tunafagia tena pale pale tulipofagia asubuhi, tunahesabu makasi, tunaondoka kwa lango dogo la nyuma.

Saa 3:00 usiku, nikiwa naung'oa utomvu vidoleni kwa mafuta ya kupikia, ambayo ndiyo dawa pekee inayofaa, shangazi anapiga. Kwao ni alasiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umefagia?"

"Mara mbili. Na nimevunja kitawi."

"Wamekukata mshahara?"

"Hapana, shangazi. Wamenipa miaka minne."