Mizani moja

Tangu Alhamisi sina raha, na sababu yake ni mizani moja tu, yaani silabi moja, ya shairi.

Jioni ile tulikuwa kijiweni Ngamiani, Tanga, watu sita au saba, dele la kahawa katikati yetu. Mzee mmoja wa Sahare, mvuvi wa miaka mingi, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Akasema ana shairi lake, angependa tulisikie. Akavaa miwani, akaanza kusoma taratibu. Lilihusu ngalawa yake aliyoiuza mwaka jana. Alipofika hapa:

Ngalawa nimeiuza, mikono imechoka,

nikadakia. "Mzee, hapo pana mizani kumi na tano. Umepungukiwa na moja."

Hesabu yangu ilikuwa sawa. Kipande cha kwanza kina mizani 8, cha pili 7, na shairi la namna ile hudai 16. Mzee hakubisha. Aliikunja karatasi mara mbili, akairudisha mfukoni, akasema, "Ahsante, mwanangu." Muuza kahawa akagongesha vikombe vyake, mtu mwingine akaanzisha habari ya bei ya samaki, mazungumzo yakashika njia nyingine. Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nimelelewa nikijua namna ya kumjibu mtu. Marehemu babu yangu alikuwa na bati la biskuti lililojaa vipande vya magazeti ya zamani, vingi vikiwa vya Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 na ambalo Shaaban Robert naye aliliandikia mashairi. Babu hakunisomea shairi moja moja. Alinisomea mawili mawili: la mtu aliyeuliza au kudai jambo, kisha la aliyemjibu. Alikuwa akinionyesha kwa kidole: tazama, huyu wa pili amechukua vina vilevile vya mwenzake, zile silabi za kumalizia kila kipande. Kama wa kwanza ametia "za" katikati na "ka" mwishoni, mjibu naye hutia hizohizo. Kwanza hupiga hodi, humwomba mhariri nafasi, humtaja mwenzake kwa lakabu yake ya heshima, hueleza amesikia nini. Ndipo apinge, na kupinga kwenyewe kulikuwa kwa moto kwelikweli!

Babu aliniambia huwezi kushika vina vya mtu bila kumsoma mpaka mwisho. Nikiwa mtoto nililiona ni jambo la ufundi tu.

Wapo wanaodhani adabu ya kumjibu mtu ni kumsifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu amekesha na karatasi yake, wewe unamwambia "hongera, safi sana" huku macho yako yako kwingine; huko nako ni kumdharau. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana beti kali sana, miji yao ikiwa katika uhasama ule uliofikia vita vya Shela. Maadui hao walisikilizana neno kwa neno, maana bila hivyo wasingeweza kujibizana. Mimi nilikuwa kwa rafiki, kahawa yake mkononi mwangu, na sikumsikiliza.

Usiku wa Ijumaa nilikaa na kalamu. Nilitaka kumjibu kwa vina vyake mwenyewe, na nikagundua kwamba sikumbuki ubeti wake hata mmoja isipokuwa ule mshororo niliousahihisha. Niliandika na kufuta mpaka karibu na alfajiri, nikapata huu mmoja:

Mzee nimesikiza, mkono nimeushika,
Ngalawa uloiuza, bado ingali yavuka,
Ulimi uliteleza, neno likakurupuka,
Nakuja kubembeleza, msamaha nautaka.

Neno la kwanza kabisa nililoandika, "nimesikiza", lilikuwa uongo. Nililiacha kwa sababu nilikusudia kulifanya liwe kweli.

Jumamosi baada ya alasiri nikaenda Sahare. Nilimkuta barazani kwake. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, karibu, kaa." Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma kimya, kidole kikigonga gotini, mizani kwa mizani, mishororo yote minne. Nikatulia kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake.

Alipomaliza aliingia ndani, akatoka na ile karatasi yake, mikunjo miwili bado ikionekana. Ule mshororo ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake ameandika "mikono yangu 'mechoka".

"Ulisema kweli," akaniambia. "Ilipungua. Lakini ule ulikuwa ubeti wa pili, mwanangu. Beti ziko saba."

Akavaa miwani, akaanza tena tangu mwanzo. Safari hii mikono yangu ilikaa mapajani. Katika ubeti wa tano nikasikia kwa nini ngalawa iliuzwa: mkewe alikuwa amelazwa, na fedha yote ya ngalawa iliishia kwenye dawa. Katika wa sita anamweleza mkewe jinsi bahari ilivyokuwa asubuhi ile alipoikabidhi kwa mnunuzi, naye mkewe hajibu.

Alipofika wa saba sauti yake ilikatika. Akanipa karatasi, nikamsomea mimi.