Jina la Mama kwenye Karatasi ya Barba

Jana usiku binti yangu alikuja jikoni na daftari lake la historia, penseli ya kahawia kaichomeka sikioni kama seremala, akaniuliza: "Baba, Hephaestus alitupwa na baba yake au na mama yake?"

Yuko darasa la tatu. Huku Ugiriki watoto wa darasa la tatu huanza somo la historia kwa visa vya miungu ya kale, na kila mmoja darasani kwao amepewa mungu wake wa kuchora. Yeye kaangukiwa na huyo, Ifestos kama Wagiriki wa leo wanavyomtamka, mungu wa moto na uhunzi. Yule kiwete. Sijui kama mwalimu alimpa kwa bahati tu, au kwa sababu ananiona nikichechemea getini kila asubuhi. Sikuuliza. Nilimwambia mtoto asubiri nimalize vyombo, nikampa mgongo, maana uso wangu ulikuwa umeshanigeuka.

Swali lake ni la haki kabisa. Visa vyote viwili vimo katika utenzi mmoja, *Iliad* wa Homer. Mwanzoni Hephaestus mwenyewe anamkumbusha mama yake, Hera, kwamba aliwahi kumtetea mbele ya baba yake, Zeus, mfalme wa miungu, na Zeus akamshika mguu akamvurumisha kutoka mbinguni. Alianguka kutwa nzima, jua linatua ndipo akatua kisiwani Lemnos, roho iko puani, watu wa pale wakamwokota. Ukisoma mbele, kitabu cha 18, mungu yuleyule anasema aliyemtupa ni mama. Aliona aibu kuzaa kilema, akataka kumficha. Safari hii waliompokea ni wanawake wawili wa baharini, Thetis na Eurynome, akakaa nao pangoni miaka tisa akifua vikuku na vifungo, wala hakuna aliyejua yuko wapi. Homer hasumbuki kuvipatanisha. Anaviacha vyote viwili.

Kwetu Tanga nako visa ni viwili. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi nilipopata homa, na homa ilipoondoka mguu wa kulia haukuamka. Kwa mama, kisa ni kwamba baba alisema homa ya mtoto ni meno tu, tungoje, na siku tatu zikapita. Kwa shangazi, mama alikuwa harusini Pangani, mtoto anaungua na yeye yuko ngomani, na aliporudi mguu ulikuwa umeshalala. Baba alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza. Nikakua na visa vyote viwili kifuani, nikachagua cha shangazi. Labda kwa kuwa marehemu hagombwi, na hasira hutaka mtu aliye hai.

Jinsi nilivyofika Piraeus, mji wa bandari jirani na Athens, ni habari ya siku nyingine. Niende moja kwa moja kwenye Februari 2011.

Mwaka ule kazi za kukarabati meli pale Perama, jirani na Piraeus, zilikuwa zimekauka. Sisi wachomeleaji tulikuwa tukienda asubuhi, tunasimama, tunarudi. Niliyekuwa nikisimama naye ni Barba. Barba kwa Kigiriki ni kama sisi tunavyosema Mzee, na kila mtu alimwita hivyo. Ndiye aliyenifundisha kuchomelea juu ya kichwa bila kumwagikiwa na cheche shingoni. Ni mtu wa Lemnos, na habari za Hephaestus kwake hazikuwa hadithi, zilikuwa habari za jirani. "Sisi ndio tuliomwokota," alikuwa akisema, na akisema hivyo alikuwa akiniangalia mimi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, katika miezi ya baridi, sehemu za kale za serikali huingiwa bure. Ilikuwa tarehe 6. Barba akasema twende nikuonyeshe nyumba ya bosi wetu. Tukapanda basi mpaka Piraeus, kisha treni mpaka kituo cha Thissio, Athens.

Hekalu la Hephaestus liko juu ya kilima kidogo, upande wa magharibi wa Agora, soko la Athens ya kale. Lilianza kujengwa yapata mwaka 449 KK. Nguzo zake 34 zote bado zimesimama, na sehemu kubwa ya paa ipo, kwa kuwa karne nyingi lilitumika kama kanisa la Mtakatifu George na watu wakalitunza. Hapo kale kuzunguka kilima kulikuwa na karakana za wahunzi na wafinyanzi. Nilipenda jambo hilo kuliko marumaru yote: kwamba mungu wa mafundi aliwekwa karibu na moshi wa mafundi wake. Ndani ilisimama sanamu yake ya shaba pamoja na ya Athena, mungu wa kike mlinzi wa mji. Sanamu zilishapotea, lakini Cicero, yule Mroma, aliandika kuhusu Hephaestus wa Athens aliyetengenezwa na mchongaji Alkamenes: amesimama, amevaa, na ndani ya vazi unauona ukiwete wake kidogo bila kuwa kioja. Nilikuja kulisoma hilo baadaye. Laiti ningelijua siku ile. Ningesimama vizuri zaidi.

Tukakaa kwenye benchi karibu na mikomamanga iliyopukutika majani. Barba akaanza kunisimulia, na hakumpamba. Alisema huyu bwana alikuwa fundi kuliko wote na alikuwa na kinyongo kuliko wote. Alipomfumania mkewe Aphrodite, mungu wa mapenzi, na Ares, mungu wa vita, alikuwa ameshatandaza wavu wa minyororo laini kuliko utando wa buibui juu ya kitanda. Akawanasa, kisha akaita miungu yote waje waangalie. Wakaja wakacheka. Miungu wa kike walibaki nyumbani kwa haya. Naye amesimama mlangoni anapiga kelele arudishiwe mahari yake na baba wa mke. Nilicheka hapo kwenye mahari, nikamwambia huyu ni mtu wa kwetu. (Kuna na lile la kumvamia Athena, ambaye baadaye aliwekwa naye chumba kimoja hekaluni. Hilo binti yangu atalisikia akikua, na nitamwambia bila kulipunguza.)

Halafu akaja kwenye kiti. Kule pangoni, Hephaestus alimfulia mama yake kiti cha enzi cha dhahabu, kizuri ajabu, akampelekea zawadi. Hera akakaa. Vifungo visivyoonekana vikamkamata, akashindwa kuinuka. Miungu wakatuma ujumbe: njoo umfungue mama yako. Naye akajibu, "Mimi sina mama."

Barba alilisema lile neno polepole kwa Kigiriki chake cha kisiwani, kisha akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

Ilikuwa nusu karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Nakumbuka mistari ya bluu na doa la mafuta pembeni. Imeandikwa majina kwa mwandiko wa mkewe, kama kumi na mawili, jina moja moja bila ukoo. Akanieleza kwamba mwisho wa mwezi kuna Jumamosi ya roho, kabla ya Kwaresima yao. Wanawake hupika ngano, huitia sukari na komamanga, wanaipeleka kanisani na orodha ya marehemu wa nyumba, na padri anayasoma majina yote, moja baada ya jingine. Mkewe alikuwa amesema: yule kijana hana mtu wa kumwombea mama yake, si wa dini yetu lakini mama ni mama, mwulize anaitwa nani.

Akafungua kalamu kwa meno. Akaiweka karatasi juu ya goti. Akangoja.

Miaka minne nilikuwa nimewaambia watu wote wa Perama kwamba mama yangu amefariki. Nililisema mara ya kwanza kwa uchovu, mtu kaniuliza mbona hutumi hela nyumbani, nikasema sina mtu. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Na mama alikuwa hai Tanga, anakaanga mihogo barazani. Kila miezi michache kaka yangu alinitumia ujumbe, *Mama anakuulizia*, na mimi nilikuwa naufuta kabla hata simu haijazima taa.

Ncha ya kalamu iligusa karatasi. Iliacha nukta ndogo nyeusi chini ya jina la mwisho. Niliiangalia ile nukta. Nikasikia watoto wakikimbia kwenye changarawe nyuma yetu na mama yao akiwaita, na nikajua nikitamka jina sasa, litasomwa kanisani na mtu asiyenijua, mbele ya ngano iliyopikwa kwa wema, na mama yangu huko atakuwa anageuza mihogo yake. Mdomo ulifunguka. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa tayari ulimini. Mkono wa Barba ulikuwa umetulia kabisa, mkono wenye makovu ya cheche kama wangu, unangoja kuniandikia.

Nikasema, "Hajafa, Barba."

Hakuuliza. Aliifunika kalamu, akaikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akafanya ishara ya msalaba. Tukakaa muda mrefu. Baridi ilinipanda mguu mbovu, ndio huanza kila mara. Mwishowe akasema, akitazama nguzo: "Unajua nini kilimrudisha? Nguvu zilishindwa. Alikuja Dionysus, mungu wa mvinyo, akamlewesha, akampandisha punda, akamleta nyumbani. Akamfungua mama."

"Mimi sinywi, Barba."

"Najua, mwanangu." Tulipofika Piraeus aliniacha kwenye benchi, akaenda kibandani, akarudi na kadi ya simu za nje ya euro tano. Naye alikuwa hana kazi kama mimi.

Ilinichukua siku tatu kuikwangua. Nilisema shikamoo, na upande wa pili pakawa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha: "Marahaba. Umekula?" Hayo ndiyo tuliyoongea, chakula, baridi, bei ya mihogo, mpaka kadi ikaisha. Nilirudi kumwona 2014, na mara mbili tangu hapo. Daktari mmoja alikuja kunieleza kwamba polio ikishaanza kupoozesha, hospitali isingeuokoa mguu hata kama ningefikishwa usiku uleule. Kinachokinga ni chanjo kabla. Kwa hiyo zile siku tatu za baba, na ile harusi ya Pangani, huenda hazikuwa na uzito wowote. Nilidhani nikilijua hilo kinyongo kitaniacha siku hiyohiyo. Hakikuniacha siku hiyo. Sina hakika kimeniacha chote hata leo, na sijawahi kumuuliza mama kipi kati ya visa ndicho cha kweli.

Nilipomaliza vyombo nilikaa na mtoto, nikamsimulia vyote viwili. Hakuridhika. Mwalimu anataka sentensi moja chini ya picha. Akachukua simu yangu. "Tumuulize Bibi, yeye anajua hadithi."

Sikumzuia. Akaweka spika, akamwamkia, akamweleza kwa Kiswahili chake chenye Kigiriki ndani yake: kuna mtoto, mguu wake haukuwa mzuri, wengine wanasema baba yake alimtupa, wengine wanasema mama yake. Nani, Bibi?

Nilisikia jogoo wa jirani kule Tanga, na feni ya chumbani kwake. Kisha mama akauliza, taratibu:

"Huyo mtoto alikuwa na homa?"

Binti yangu akafunua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari yote mpaka chini. "Kitabu hakisemi, Bibi."