Usiniulize nilimwona wapi

Nikirudi Mang'ula, mji mdogo chini ya Milima ya Udzungwa, baada ya wiki mbili msituni, swali la kwanza mtaani ni lile lile: safari hii mmeona nini? Hilo nalijibu kwa furaha, hata saa nzima. La pili ndilo silijibu: wapi?

Kazi yangu ni kufunga kamera za mtego katika Milima ya Udzungwa. Jina hilo huwatisha watu, lakini kamera hizi hazikamati kitu. Mnyama mwenye joto akipita mbele yake, inapiga picha, basi. Tunafunga moja kwa kila kilomita mraba mbili, kwenye shina la mti, usawa wa goti, kisha tunaondoka na kuiacha siku 30. Kabla ya kuondoka natambaa mbele yake kwa mikono na magoti, kama mnyama anavyopita, mpaka kitaa chekundu kiwake. Halafu nafyeka kila jani la mkangaga lililo mbele ya lenzi, kwa sababu jani moja likichezewa na upepo na jua linaweza kujaza kadi nzima kwa picha za bure.

Kambini hatutumii sabuni ya kunukia. Tukiwa njiani tunanong'ona. Mzee anayetuongoza, ambaye ujanani aliwinda milima hii hii, akiinua kiganja tu, sote tunasimama hata kama siafu wameshapanda mguuni.

Ninayempenda kuliko wote ni minde. Ni mnyama jamii ya funo, yule swala mdogo wa msituni, lakini mkubwa, mweusi mweusi, mwenye kishungi cha nywele za hudhurungi katikati ya pembe. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, kwenye milima michache tu. Hutembea zaidi usiku. Miaka yote hii sijawahi kumwona kwa macho yangu. Namjua kwa kinyesi, kwa kwato zake kwenye tope, na kwa picha.

Picha yake ya kwanza niliyoitoa mimi mwenyewe kwenye kadi ilinitia wazimu wa furaha. Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nikapiga picha kamera ikiwa bado mtini, nimeshika jipiesi, kifaa kinachoonyesha namba za mahali ulipo, pembeni, na tuliposhuka tu kwenye mtandao nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Namba za mahali pale zilisomeka zote. Msimamizi wangu alinipigia jioni ile. Niliifuta, lakini ilikuwa imeshasambazwa.

Tulipopanda tena kuchukua kamera, njia ile ilikuwa na vitanzi vitatu vya waya. Kimoja kilikuwa na manyoya mekundu, ya funo, na udongo uliozunguka mti ulikuwa umechimbika kwa kwato, duara kamili. Mzee aliniambia wawindaji waliijua njia ile kabla sijazaliwa. Alisema hivyo ili anifariji, na huenda ni kweli. Siwezi kuapa kwamba ni picha yangu. Ila lile duara bado naliona.

Na msitu huu si wa kuuchezea kwa sababu haujaisha kujulikana. Mwaka 1991 watafiti walimgundua kwale wa Udzungwa baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu kwenye sufuria ya kambi. Mwaka 2005 kamera kama hizi zetu zilimnasa kwa picha sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, uzito wake kama gramu 700, na ilipofika 2008 ndipo akapewa jina la kisayansi. Kitanzi cha waya hakichagui. Kinaweza kumkaba mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwandika popote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiniuliza nitawaambia alikuwa minde jike, mnene, saa nane usiku, mvua imetoka kukatika, maji yanang'aa mgongoni. Nitawaonyesha na picha, nikiwa nimeshaikata pembeni na kufuta namba zake. Mahali nitakaa napo mimi na mzee.

Jumatatu tunapanda tena. Betri nimeshazihesabu.