Ninavyowafundisha akina mama kuchanganya na kunywesha ORS nyumbani

Kati ya masomo yote tunayopeleka majumbani sisi wauguzi wa jamii, la ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, ndilo linalofundishwa mara nyingi na kushikwa mara chache. Mama anaijua pakiti, anajua ni ya mtoto anayeharisha, na ukimuuliza anajibu sawasawa: "Nachanganya na maji safi lita moja." Mwombe achanganye mbele yako ndipo utaona tatizo lilipo, na karibu kila mara liko kwenye maji. Lita moja ni chombo gani? Nyumbani kuna jagi, sufuria, kikombe kikubwa na chupa iliyofutika maandishi, na hakuna kinachosema kinachukua kiasi gani. Ndiyo maana siku hizi naanza na chombo, ugonjwa wenyewe tunauzungumza baadaye.

Nabeba chupa ya nusu lita ambayo nimeihakiki kwa kikombe cha kupimia. Nimeichora alama pale nusu lita inapoishia, kwa sababu chupa nyingi zikijazwa hadi mdomoni huzidi kiasi kilichoandikwa. Namwomba mama alete chombo anachokitumia kila siku, chenye mfuniko kama kipo. Anamimina chupa mbili, chombo kinakaa mahali tambarare, kisha anainama mpaka jicho lake liwe usawa wa maji. Ukitazama kutoka juu, alama itakaa pasipo sahihi. Hapo tunakwaruza mstari kwa msumari upande wa nje au tunapaka rangi ya kucha. Kalamu haifai, hufutika chombo kinapooshwa mara ya kwanza. Kama chombo hakifiki lita moja, tunatafuta kingine au tunachanganyia kwenye sufuria. Kugawa pakiti nusu kwa macho sikubali hata kidogo: unga ule ni mchanganyiko wa glukosi na chumvi za aina tatu, na nusu unayoimimina huenda ikawa na chumvi nyingi kuliko iliyobaki. Soma pia pakiti yenyewe kabla ya yote, maana zipo za lita moja na zipo za maji pungufu ya hapo.

Kwa nini nashikilia kipimo kiasi hiki? Maji yakiwa machache, chumvi inazidi kwenye damu ya mtoto, kiu inakuwa kali na anaweza kupata degedege. Maji yakizidi, dawa inakuwa nyepesi na hairudishi chumvi aliyopoteza. ORS inayotumika sasa, iliyopendekezwa na WHO na UNICEF katika tamko lao la 2004, ina gramu 20.5 za unga kwa lita: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Glukosi na chumvi huingia pamoja kupitia ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Mama akiongeza sukari ili mtoto aipende, sukari ile hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, kinyesi kinazidi. Ndiyo sababu soda na juisi tamu hazishiki nafasi ya ORS.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametibiwa kwa dawa ya maji, kabla ya kutia unga. Ukishachanganya usichemshe tena. Kusiwe na maziwa, supu wala kitu kingine ndani yake. Koroga hadi unga uishe kabisa chini, kisha mama aonje mwenyewe: chumvi yake isizidi ile ya machozi. Nawaonjesha wote waliopo, hasa bibi au dada anayebaki na mtoto mchana, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye atakayenywesha. Funika, na baada ya saa 24 kilichobaki kimwagwe.

Kunywesha ndiko kunakochosha watu. Chini ya miaka 2 mtoto apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, miaka 2 na zaidi mililita 100 hadi 200, juu ya kile anachokunywa siku zote. Tunapima mililita 100 kwenye kikombe cha nyumbani, na hapo tena tunaweka alama. Kikombe na kijiko vinatosha. Chupa ya kunyonyea naikataza, kwa kuwa ni ngumu kuisafisha na humfanya mtoto agugumie kwa pupa.

Akitapika, wengi huamua dawa imemkataa na kuiacha. Hapa naenda polepole sana. Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kila dakika moja, kwa saa moja ni mililita 300. Kila dakika mbili, ni mililita 150. Mama akiipiga hesabu hiyo mwenyewe anaacha kukidharau kijiko. Tumbo lililojazwa ghafla linavutika na kurudisha kila kitu, lakini kijiko kimoja kimoja hupita. Namtaka anyweshe nikiwa nimekaa pale, mpaka nione mkono wake umezoea mwendo ule.

Jambo la pili linalowakatisha tamaa ni kwamba kuharisha hakukomi. Lisemwe wazi mapema: ORS hainyweshwi ili izuie kinyesi, inarudisha maji na chumvi vilivyotoka. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku kadhaa huku akiwa salama, mradi anakunywa, anakojoa na amechangamka. Asiposikia hivyo kutoka kwetu, mama ataenda kununua dawa za kufunga tumbo, na hizo si za watoto wadogo. Kunyonyesha kuendelee, na mara nyingi zaidi. Anayekula aendelee kula.

Vidonge vya zinki, aina ya madini, huenda sambamba na ORS. Miezi 6 na zaidi ni miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo ni miligramu 10, yaani nusu ya kidonge cha 20, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kiwekwe kwenye kijiko chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mtoto mchanga, kisubiriwe kiyeyuke chenyewe bila kusagwa. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Kinyesi kikikauka siku ya tatu mama huacha kutoa kidonge, na kwake ni haki kabisa, mtoto amepona. Namweleza kwamba siku zilizobaki ni za kumkinga, kwani zinki iliyomalizwa hupunguza uwezekano wa kuharisha tena kwa miezi 2 hadi 3 inayofuata. Kisha tunachora visanduku nyuma ya kadi ya kliniki, kimoja kwa kila siku, anatia alama kila akitoa kidonge. Nikirudi nalinganisha visanduku na vidonge vilivyobaki.

Dalili za hatari nazifundisha kwa mikono. Tunambana ngozi ya tumbo mtoto mwenye afya, katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, tunaachia, na mama anaona inavyorudi papo hapo. Akishajua ya kawaida, ile inayorudi taratibu ataitambua. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, au mtoto akiwa amelegea, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamezama, ana degedege au kuna damu kwenye kinyesi, waende kituoni wakati huohuo, wakiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu asisubiri dalili yoyote kati ya hizo. Ngozi yake hupotosha, na anahitaji mpango tofauti wa maji unaosimamiwa na kituo.

Kabla ya kuondoka naacha pakiti mbili. Zikae mahali pakavu, mbali na moshi na mvuke wa jiko. Unga ukishikana lakini bado mweupe na unayeyuka wote, unafaa. Ukigeuka kahawia au ukikataa kuyeyuka, utupwe, na mama aje kuchukua nyingine kabla hajaihitaji.