Pamba wa kilo 18

Aliyeniponza ni shemeji. "Mbwa mdogo hana gharama, anakula kama kifaranga," akaniambia. Na yeye hajawahi kufuga hata paka.

Binti yangu alikuwa amenililia mwaka mzima anataka Maltese, vile vijibwa vyeupe vya manyoya marefu. Basi siku moja nikiwa kwenye foleni hapa Nairobi, mmoja wa wale vijana wanaouza mbwa kando ya barabara akaniwekea kimoja mapajani kupitia dirishani. Cheupe pe, laini, kinanukia poda ya watoto. "Maltese halisi, mamangu. Elfu ishirini na tano." Tukavutana hadi 15,000, nikajiona mjanja. Karatasi? "Nitakutumia kwa WhatsApp." Bado nazingoja.

Tukamwita Pamba. Siku ya tatu tukamwogesha. Maji yakawa kama tui, na kilichobaki kwenye karai ni kijibwa cha rangi ya chai, manyoya kama mswaki, mkia kama wa panya. Wiki iliyofuata akaanza kuhara damu. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Dripu siku 5, elfu kumi na kitu, akapona kwa neema. Halafu ikaja miguu! Kila asubuhi imerefuka kuliko jana. Maltese mzima hafiki hata kilo 5. Pamba alifika 18 na bado anaitazama sahani yako. Krismasi shemeji alipokuja, alikataa kushuka kwenye gari.

Mara ya pili nikitafuta Maltese sikuchezewa. Nilitaka kumwona mama wa kijibwa akinyonyesha, na nikarudi siku nyingine bila kumwarifu muuzaji. Kwenye kadi ya chanjo nikatafuta stika zilizobanduliwa kwenye chupa, kisha nikampigia daktari aliyetia sahihi, palepale, mbele ya muuzaji. Anayedanganya utamjua, ataanza kukohoa. Huyu hakukohoa. Nikalipa kama 50,000, Sukari akaja nyumbani akiwa na wiki 9.

Kumbe kununua ndiyo rahisi. Nywele za Maltese hazipukutiki sana, zinakua tu kama zetu, na usipozichana kila siku zinajisokota hadi ngozi inavutika. Saluni ya mbwa wanataka pesa kuliko msusi wangu. Nikanunua mashine ya kinyozi, 3,500 hivi. Mara ya kwanza Sukari alitoka kama kondoo aliyetoroka katikati ya kunyolewa. Sasa najua: chana kwanza, osha, kausha kabisa, ndipo unyoe. Machozi nayo yanamwachia michirizi ya kutu usoni, kwa hiyo kila asubuhi namfuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Meno usiyasahau. Taya ni dogo, meno yanabanana, uchafu unaganda. Alishang'olewa 3 kwa nusukaputi na bili ile sikumwonyesha baba watoto.

Kwenye chanjo ndiko ninakookoa. Daktari wa mifugo akija kwangu peke yangu, nauli yake inashinda sindano yenyewe. Sasa huzunguka ploti nzima nikikusanya wenye mbwa, anakuja Jumamosi moja, chupa ya dozi 10 ya kichaa cha mbwa inaishia kwetu, nauli tunagawana. Mwaka huu nililipa 700 kwa kila mbwa.

Pamba hula ugali na omena, hajaugua tena. Sukari hununuliwa chakula cha mfuko, bei ya unga wetu wa wiki mbili. Anakinusa, anakiacha, anaenda kuiba omena za Pamba.