Mayo, kwao babu yake mama

Babu yake mama alizaliwa karibu na Louisburgh, magharibi mwa kaunti ya Mayo nchini Ayalandi, akafia Nakuru bila kurudi kwao hata mara moja. Kabla sijapanda ndege nilikuwa nimeshamwona kwenye sensa ya 1901, ambayo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeiweka mtandaoni bila malipo: mtoto mdogo, nyumba iliyoezekwa nyasi, madirisha mawili upande wa mbele, mama hajui kusoma. Nyuma ya hapo giza. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Dublin mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Treni ilinishusha Westport, nikakodi gari hadi kisiwa cha Achill. Chini ya mlima Slievemore kuna mahame, nyumba za mawe zisizo na paa zimejipanga kandokando ya njia ya zamani. Matuta ya viazi bado yapo. Nyasi zimeyafunika, lakini ukitembea juu yake mguu unayahisi: tuta, mfereji, tuta, mfereji, hadi mlimani.

Mwaka 1845 bakajani, ugonjwa uleule unaowasumbua wakulima wetu wa Nyandarua, ulianza kuozesha viazi hivyo. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Na miaka yote hiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza! Hilo linanikera mpaka leo.

Kusini mwa Louisburgh nilipita bonde la Doolough. Machi 1849 mamia ya wenye njaa waliamriwa waende kwa miguu hadi Delphi Lodge, jumba la mapumziko la wawindaji, wakakaguliwe ndipo wapewe msaada. Walifika, wakarudishwa mikono mitupu, na baadhi yao wakafia njiani kwa baridi na njaa. Barabara ni nyembamba, imebanwa kati ya ziwa na mlima, na kando yake kuna msalaba wa jiwe wa kuwakumbuka. Nilisimamisha gari, nikawaombea.

Jioni nilifungua orodha ya Griffith, iliyoandika wapangaji wa ardhi miaka ya 1850. Ukoo wetu umo, katika kijiji kilekile cha sensa: nyumba na kipande cha shamba, mwenye ardhi Marquess (yaani lodi) wa Sligo. Basi walinusurika. Walinusurikaje ndicho ninachokitafuta sasa, na kesho naanza na vitabu vya ubatizo vya parokia.